Kulala ndani ya gari Dodoma msimu wa baridi bila kuganda na bila kuvuta macho ya watu: mwongozo kamili

Nauza mitumba minadani huu mwaka wa saba, na gari langu ni Noah ya zamani ambayo mchana ni stoo na usiku ndo chumba changu. Jumamosi niko mnada wa Msalato, siku zingine nazunguka upande wa Kongwa, Bahi, Manyoni mpaka Singida kutegemea mnada umeangukia wapi, kwahiyo kwa wiki nalala kwenye gari mara mbili au tatu, maana mabelo ya nguo siwezi kuyaacha nje peke yake usiku kucha, na ukilipa rumu kila siku faida yote ya wiki unamwachia mwenye gesti. Na siko peke yangu. Kuna madereva wa malori wanaosubiri zamu Kibaigwa kwenye soko la mahindi, kuna watu wanaouguza ndugu zao hospitali na usiku hawaruhusiwi kubaki wodini, na kipindi cha bunge la bajeti kuanzia Aprili mpaka mwisho wa Juni unakuta hata mtu mwenye hela yake kazunguka mji mzima kakosa rumu. Nimeona watu wakiteseka, na mmoja alikaribia kufa, kwa vitu ambavyo vinazuilika kabisa, ndo maana naandika yote kwa urefu. Kama huna muda ruka kokote ila ile sehemu ya moto usiiruke.

Baridi ya huku ikoje

Mtu wa Dar ukimwambia Dodoma kuna baridi anakushangaa, kwake Dodoma ni jua na vumbi. Mchana wa Julai kweli uko vizuri, unavaa tisheti unatembea. Usiku sasa inashuka mpaka digrii 13 au 14 na zipo siku inaenda chini ya hapo, na upepo juu yake. Huku tuko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kiangazi mbingu iko wazi haina hata wingu, kwahiyo joto lote ardhi iliyokusanya mchana linapaa juu hamna kitu cha kulizuia. Saa mbili usiku unaona mbona kawaida tu, unajilaza na shuka moja, alafu saa kumi na moja alfajiri meno yanagongana. Ile saa kabla jua halijachomoza ndo mbaya kuliko zote, na Julai jua la Dodoma linachelewa, linatoka karibu saa moja kasoro robo, kwahiyo unapopanga mablanketi yako panga kwa ajili ya saa kumi na moja, usipange kwa vile unavyojisikia wakati unajilaza.

Singida iko juu zaidi, kama mita 1,500, na ule upepo wake kila mtu aliyepita anaujua. Ukivuka Mtera ukapandisha Iringa, ukaendelea Mafinga mpaka Njombe ambako inakaribia mita 2,000, hapo usiku chini ya digrii 10 ni jambo la kawaida na haya nitakayosema uyafanye mara mbili.

Kingine cha kuelewa mapema, gari ni bati na vioo. Ukizima injini, ndani ya saa moja hivi joto la ndani na la nje vinakuwa karibu sawa. Gari inakukinga na upepo na umande basi, joto la kukulaza usingizi linatoka kwenye mwili wako mwenyewe, kazi yako ni kulifunga lisiondoke.

Moto usiingie ndani ya gari

Hapa naomba unisikilize. Kuna dada tunauza naye, yeye nguo za watoto, Julai moja tulikuwa tumelala mnadani kila mtu na gari lake, baridi ilikuwa kali sana akachukua jiko lake la mkaa alilopikia jioni, mkaa umeshaiva hauna moshi hata kidogo, akaliweka chini mbele ya siti akafunga vioo. Alijua moshi ndo mbaya na kwa kuwa haukuwepo akaona ni salama. Mama mwenzetu aliyeamka kwenda kujisaidia alimsikia anakoroma vibaya kama mtu anayekabwa, akagonga kioo, kimya, akapiga kelele tukaja tukavunja kioo cha nyuma. Tulimtoa analegea kama kitambaa, anatapika, hajui yuko wapi, tukamkimbiza hospitali wakamwekea oksijeni. Yuko hai na anauza mpaka leo, ila ilibaki kidogo sana.

Kilichotaka kumuua kinaitwa kaboni monoksaidi, ni hewa inayotoka kwenye kitu chochote kinachoungua bila kupata hewa ya kutosha, haina rangi, haina harufu, haikereketi koo. Inaingia kwenye damu na kung'ang'ania pale pale ambapo oksijeni inatakiwa ikae, na nguvu yake ya kung'ang'ania ni zaidi ya mara 200 ya oksijeni, kwahiyo unapumua vizuri tu lakini mwili haupati kitu. Aliyelala haamki kuhangaika, usingizi unazidi kuwa mzito tu. Mkaa ulioiva usio na moshi ndo unatoa hewa hii kwa wingi, na kuacha kioo wazi kidogo hakukuokoi. Kwahiyo jiko la mkaa hapana, kajiko ka gesi hapana, mshumaa hapana, koroboi hapana, na jiko ulilozima usilirudishe ndani kabla halijapoa kabisa, mwagia maji ulipoe au liache nje mpaka asubuhi.

Injini nayo ni hivyo hivyo. Kuna watu wanalala gari inaunguruma na hita imewashwa. Magari yetu haya ni makuukuu, ekzosi imeliwa na kutu, sailensa imechomelewa mara tatu, na moshi ukitoka chini ya gari unaweza kupanda ndani kupitia tundu lolote la sakafu au mpira wa mlango uliochakaa. Huku kwetu kuna hatari nyingine tena, kiangazi nyasi ni kavu kama karatasi na ekzosi ya moto juu ya nyasi kavu inawasha moto. Alafu mafuta, kwa saa moja ya kuunguruma tu unaweza kuchoma karibu lita nzima, zidisha kwa usiku mzima uone. Na gari inayounguruma saa nane usiku kila mtu anaisikia, siri yako imeishia hapo.

Ukiamka kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu haina nguvu, na mwenzako naye anasema hivyo hivyo, usianze kujiuliza mmekula nini. Fungueni milango tokeni nje kwanza, alafu hospitali hata kama mnajisikia nafuu.

Wapi pa kupaki

Kanuni yangu mimi ni moja, wapita njia wasijue kama kuna mtu kwenye gari, lakini mwenye eneo ajue. Watu wengi wanachanganya hapo wanadhani kulala kwa siri maana yake kujificha na kila mtu. Mwaka wangu wa kwanza nilipaki chini ya mbuyu pembeni ya kijiji, sikumwambia mtu, nikaziba vioo nikalala. Saa saba usiku nimezungukwa na vijana wa ulinzi wa kijiji na marungu na tochi, walikuwa wameibiwa ng'ombe wiki ile, na gari geni lililozibwa vioo usiku unafikiri wao wawaze nini? Sikuwalaumu. Nilifungua kioo kidogo nikawasalimu, nikawaonyesha nguo, yakaisha, lakini usingizi ule haukurudi tena.

Tangu hapo nikifika kijijini kabla giza halijaingia naulizia kwa mwenyekiti au kwa mjumbe. Naenda na heshima zangu, kama ni mzee wa Kigogo naanza na mbukwa, ile salamu yao, alafu shikamoo babu, akiitikia marahaba mwanangu ndo naeleza, mimi mfanyabiashara wa mnada, gari yangu ile pale, naomba nilale usiku wa leo kesho asubuhi naenda zangu. Sijawahi kukataliwa hata mara moja. Mara nyingi ananiambia sogeza gari hapa uwanjani kwangu, na watoto wa pale wakishaambiwa huyu mgeni wa babu hakuna anayekuja kuchungulia.

Mjini kuna sehemu nazoziamini. Sheli zinazofanya kazi usiku kucha, hasa zile kubwa za barabara kuu, unajaza mafuta hata ya elfu kumi, unaongea na mlinzi, unampa elfu mbili ya chai, unapaki pembeni mbali na pampu na mbali na yanapopita malori. Paking ya gesti pia, nenda mapokezi sema ukweli kwamba unataka kulala kwenye gari yako na asubuhi kuoga, wengi wanakubali kwa elfu tano na unapata geti, mlinzi na choo, kwa mwanamke anayesafiri peke yake mimi naona hii ndo bora kuliko zote. Hospitali kama unauguza, muulize mlinzi wa getini paking ipi inaruhusiwa usiku. Stendi ya mabasi ya Nanenane kuna watu muda wote ila kelele, siku hizi mabasi yanatembea usiku na honi hazikatiki.

Usipaki kwenye bega la barabara kuu hata kama usingizi umekuzidi, madereva wa malori ya usiku wanapita wanasinzia kuliko wewe, sogea mpaka kwenye kituo au sheli inayofuata. Usipaki karibu na kilabu cha pombe. Usipaki chini ya tawi kavu, upepo wa Julai unavunja matawi. Na usishuke korongoni, najua kule kunaonekana kumejificha vizuri na mchanga ni laini, lakini hewa ya baridi ni nzito inatiririka kwenda chini kama maji, bondeni unaweza kukuta baridi kali kuliko hapo juu hatua mia tu, na asubuhi tairi zimezama kwenye mchanga unatafuta watu wa kusukuma.

Upepo wetu kiangazi kwa kawaida unatoka mashariki na kusini mashariki. Kama kuna ukuta, lori lililopaki au nyumba, jibanze upande wa magharibi wake. Kama ni wazi kabisa elekeza pua ya gari kwenye upepo, ukipigwa ubavuni gari inatikisika usiku kucha na upepo unaingia kila penye mpira wa mlango. Ila hakikisha pua inaweza kutoka moja kwa moja bila kurudi rivasi, ukihitaji kuondoka ghafla hutaki kuanza kukata kona gizani. Taa ya barabarani iwe karibu, isiwe juu yako.

Chini yako ndo muhimu kuliko juu yako

Kosa namba moja la watu ni kulundika mablanketi matatu juu na chini wamelalia siti tupu au bati la buti. Mwili wako unabonyeza kile ulicholalia, hewa inatoka, na baridi ya bati inakunyonya kutoka chini usiku mzima. Ukiwa na mablanketi mawili, moja lilalie. Mimi naanza na maboksi yaliyokunjuliwa, yale ya bure ya dukani, tabaka mbili kwenye sakafu yote. Juu yake mkeka, juu ya mkeka sponji ya inchi tatu niliyokatiwa na fundi makochi kwa kipimo cha gari, na juu ya sponji blanketi zito la manyoya. Boksi usilidharau, zile tundu tundu za katikati zimebeba hewa na hewa iliyotulia ndo inayozuia baridi. Kwenye safari zangu mabelo yenyewe nayapanga ukutani upande wa upepo, nguo zilizobanwa kilo arobaini na tano hazipitishi kitu.

Kwa aina za gari, Noah na Voxy unakunja siti za nyuma unapata kitanda cha kujinyoosha. Hiace ndo usiseme. Probox na Succeed ukikunja siti ya nyuma unapata sakafu iliyonyooka karibu mita 1.8, mtu wa kawaida anajinyoosha, mrefu alale kimshazari, ila pale siti inapokunjika kuna pengo au kimwinuko, jaza kwa nguo kabla ya sponji la sivyo kiuno utakisikia kesho. IST, Raum na Spacio unakunja siti za nyuma, unasogeza siti ya abiria mbele mpaka mwisho, hapo ulipoacha wazi weka begi au dumu la maji lijae usawa mmoja. Salon kama Premio au Corolla lalia siti ya mbele ya abiria ukiwa umeilaza mpaka mwisho, usilale ya dereva, usukani unakubana na ukigeuka unapiga honi. Miguu ipandishe kwenye begi iwe karibu usawa wa kiuno, ukilala miguu inaning'inia usiku kucha asubuhi viatu havivaliki, imevimba.

Nguo na vya kujifunika

Kabla ya kulala badilisha nguo zote ulizoshinda nazo, hata kama unaziona kavu. Zina jasho la mchana, na kitu chenye unyevu mwilini kinakupoza. Soksi hasa. Vaa taiti au pajama kavu, traki juu, sweta, soksi mbili lakini zisibane, soksi iliyobana inazuia damu kufika vidoleni na miguu inakuwa barafu zaidi. Kichwani mzula. Akina mama kilemba kizito au kanga mbili zinafanya kazi ile ile, na shingoni zungushia mtandio. Usilale na jaketi kubwa linalobana mabega, livue ulitandike juu ya blanketi upande wa miguu.

Usifunike uso ukapumulia ndani ya blanketi. Pumzi ina maji, blanketi inalowa, saa tisa usiku una blanketi la baridi mdomoni. Acha pua nje.

Kitu kilichobadilisha maisha yangu ni chupa ya mpira ya maji ya moto, zinauzwa maduka ya dawa. Jioni mama ntilie akinichemshia maji namlipa mia tano, najaza kidogo zaidi ya nusu, natoa hewa, nafunga vizuri nageuza juu chini kuangalia kama inavuja, naivika soksi kubwa, naiweka miguuni dakika kumi kabla sijaingia. Baadaye naivuta mapajani. Mpaka saa tisa bado ina joto. Usitumie chupa ya plastiki ya maji ya kunywa, maji ya moto yanailainisha inajikunja na inaweza kufumuka ikakuunguza ukiwa umelala, na hata ile ya mpira usiiweke kwenye ngozi moja kwa moja.

Kula kitu cha maana jioni, ugali na maharage au nyama, mwili unapomeng'enya chakula unatengeneza joto. Chai ya tangawizi weka kwenye chupa ya chai kwa ajili ya alfajiri. Pombe achana nayo, iwe kali au iwe hata wine yetu ya zabibu, inapanua mishipa ya ngozi unajisikia umepata moto kumbe joto la ndani ndo linatoka nje, na mlevi hasikii anapogongewa kioo.

Vioo, pazia na ule unyevu

Vioo vinafanya mambo mawili kwa wakati mmoja, vinapoteza joto na vinakuonyesha. Kata maboksi kwa umbo la kila dirisha, chora kwanza kwa karatasi la gazeti ukiliweka kwenye kioo, alafu upande wa nje ubandike kitambaa cheusi na wa ndani ile karatasi ya kung'aa kama fedha ya kizuia jua. Nyeusi kwa nje kwa sababu usiku mtu akipita anaona kioo cheusi tu anadhani ni tinti, ukiweka boksi la kaki au kanga ya maua kila mtu anajua humo kuna mtu. Kioo cha mbele weka kile kizuia jua cha kawaida ambacho kila gari linacho, hakishangazi mtu. Nyuma ya siti za mbele ning'iniza pazia zito jeusi kutoka darini mpaka chini, hii inakata gari katikati, inaficha kila kitu hata mtu akichungulia mbele, na inapunguza ukubwa wa sehemu ambayo mwili wako unatakiwa kuipasha.

Sasa usizibe kila kitu. Mtu mmoja kwa usiku anatoa maji mengi kwa kupumua tu, na yote yanagandia kwenye vioo na bati, asubuhi yanadondoka kwenye blanketi. Vioo vyenye ukungu pia ndo alama ya kwanza mlinzi au mwizi anaiangalia kujua kama ndani kuna mtu. Acha vioo viwili wazi upana wa kidole kimoja, kimoja mbele kimoja nyuma upande wa pili, vyote kadri inavyowezekana upande usiopigwa na upepo, hewa inapita taratibu. Najua inaumiza roho kufungua kioo wakati wa baridi, lakini ukilala mkavu na hewa ya digrii 14 utapata joto kuliko ukilala umelowa na hewa ya 17. Kata vipande vya chandarua kikuukuu ubane na mlango hapo kwenye nafasi, mbu wanapungua kipindi hiki lakini hawaishi, na upande wa Mtera kwenye bwawa wapo mwaka mzima.

Jioni yangu inavyokwenda

Yote yanayohitaji mwanga na kelele nayafanya mahali pengine kabla sijafika pa kulala. Nakula kwa mama ntilie, napiga mswaki hapo hapo, nalipia choo cha stendi, nabadilisha nguo, natandika kitanda. Nikifika nazima gari nalala, haizidi dakika mbili tatu. Mtu anayefika saa kumi na mbili jioni akaanza kufungua buti, kutoa mkeka, kukunja siti, kuwasha taa, anawatangazia mtaa mzima kwamba leo analala hapa. Kwa mwenye eneo unaweza kwenda mapema ukaomba, alafu gari ulilete saa tatu saa nne.

Dakika kumi na tano za mwisho za kuendesha washa hita na AC pamoja, AC inakausha hewa na hita inapasha siti na blanketi, unaingia kwenye kitanda ambacho hakina ule ubaridi wa kwanza.

Taa ya darini weka swichi kwenye OFF, siyo kwenye alama ya mlango, la sivyo ukifungua mlango usiku gari inawaka kama duka. Simu punguza mwanga mpaka chini na kama lazima uitumie iwe chini ya blanketi. Chaji kwa pawabenki usichomeke kwenye gari. Mziki hapana.

Milango funga kwa kitufe cha ndani usitumie rimoti. Magari mengi ukifunga na rimoti alamu inajiwasha, ukigeuka tu usingizini inalia mtaa mzima unaamka. Na kabla hujalala siti ya nyuma au nyuma kabisa, angalia ile loki ya watoto kwenye ubavu wa mlango, kama imewekwa huwezi kufungua mlango ukiwa ndani, mimi nilikuja kuijua nimeshabanwa na mkojo saa tisa usiku napanda juu ya siti kwenda mbele. Funguo ziwe sehemu moja kila siku, mimi naning'iniza shingoni. Siti ya dereva iwe tupu muda wote, viatu chini yake. Ukigongewa na hujui ni nani, usifungue mlango, ongea kupitia ule upenyo, kama ni askari au mgambo watajitambulisha, waelekeze kwa mlinzi au mwenyekiti uliyeongea naye. Ukiona siyo, ingia mbele washa gari ondoka, huna haja ya kubishana. Polisi ni 112.

Kujisaidia usiku lipange usiliachie bahati. Mwanaume galoni yenye mdomo mpana na mfuniko imara. Sisi wanawake ndoo ndogo ya lita tano yenye mfuniko wa kubana, na ndani majivu au pumba za mbao kidogo, hamna harufu. Kutoka nje saa nane usiku ni kupoteza joto lote ulilokusanya saa nne nzima na ni kujionyesha. Kuanzia saa mbili usiku punguza kunywa, ila usiache kabisa, hewa ya Dodoma ni kavu.

Kama una mtoto mchanga, mzee au mgonjwa

Hapa msimamo wangu ni kwamba tafuta rumu, hata kama ni ya kukopa, hata omba kwa mwenyeji huyo mzee au mgonjwa wako alale ndani kwake wewe ubaki kwenye gari. Kichanga hawezi kutetemeka kujipasha moto kama sisi, na mzee anaweza kupoa taratibu bila hata kulalamika. Ikishindikana kabisa mtoto akae kifuani kwako ngozi kwa ngozi, kofia kichwani, blanketi juu yenu wote, uso wake nje, na wewe hulali fofofo usiku huo. Mtu mzima akianza kuongea maneno yasiyoeleweka, anajikwaa, au alikuwa anatetemeka akaacha wakati baridi bado ipo, huyo amepoa kupita kiasi, mvue nguo zenye unyevu, mkumbatie, mpe kitu cha moto kama anaweza kumeza, na mwende hospitali.

Asubuhi

Ondoka mapema, kabla mtaa haujachangamka, kama saa kumi na mbili na nusu hivi. Futa vioo kwa kitambaa kikavu kutokea ndani, usifute kwa mkono unaacha mafuta. Mlinzi au babu mwenye uwanja muage, sukari nusu kilo inakutosha kurudi pale mwaka mzima. Ukifika sehemu ya wazi fungua milango yote, tandaza blanketi na sponji juani, kwa ukavu wa hewa ya huku nusu saa inatosha. Usipoanika siku mbili tatu mfululizo sponji inaanza kunuka uvundo na haikupi joto tena, kitu chenye unyevu hakishiki joto.

Gari ikigoma kuwaka asubuhi ya baridi mara nyingi ni betri iliyochoka, baridi inapunguza nguvu yake na usiku uliacha kitu kimewaka. Zima kila kitu, washa kwa sekunde tano tu, subiri dakika moja, jaribu tena. Betri ikishafika miaka mitatu mimi huwa naipeleka kupimwa mwezi wa tano, kabla ya msimu, na waya za kuchangia chaji hazitoki kwenye gari langu, zimeshaokoa zaidi magari ya wenzangu kuliko langu.